Mwalimu Shamte na viti vitatu: somo la serikali ya mseto

 

Kila uchaguzi unapomalizika kwa ugomvi, neno serikali ya mseto hurudi midomoni mwa watu. Hulisikia redioni, vibarazani na hata nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa. Wapo wanaodhani kuwa ni dawa ya kila maradhi ya siasa, na wapo wanaoona ni ujanja wa wakubwa wa kugawana vyeo. Makundi yote mawili huzungumza kana kwamba jambo hili limeanza Zanzibar mwaka 2010, au Kenya mwaka 2008. Sivyo. Afrika Mashariki imewahi kuwa na serikali za mseto tangu kabla ya uhuru, na mmoja wa watu waliowahi kuongoza serikali ya namna hiyo ni Muislamu wa Pemba, mwalimu wa shule, ambaye vijana wetu wengi hawamjui hata kwa jina. Huyo ni marehemu Sheikh Muhammad Shamte Hamadi, Waziri Mkuu wa kwanza na wa mwisho wa Zanzibar huru ya mwaka 1963.

Mimi nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Namawala, bonde la Kilombero, upande wa Ifakara. Sina babu aliyekuwa Hizbu wala aliyekuwa ASP. Kwa hiyo msomaji asitafute humu kisasi cha ukoo. Lililonifanya niandike ni swali la wanafunzi wangu, ambao walitaka kujua ni kwa nini mseto wa chakula hukaa vizuri sufuriani na mseto wa siasa huvunjika. Huku kwetu mpunga ndio maisha, kwa hiyo sikuhangaika kutafuta mfano. Niliwaambia kwamba mchele na choroko haviivi kwa wakati mmoja. Mpishi asiyelijua hilo atakula choroko mbichi ndani ya wali uliovurugika. Jibu hilo lilitosha kwa darasa, ila kwa watu wazima halitoshi, na ndiyo maana naleta maisha ya mtu.

Mwalimu kutoka Pemba

Shamte alikuwa Mshirazi wa Pemba. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika ualimu kabla siasa haijamchukua. Katika Zanzibar ya wakati ule mwalimu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa ndiye anayesoma barua za watu, anayejua namna ya kusema na serikali ya Mwingereza, na anayeaminiwa na wazee kwa kuwa watoto wao wamepita mikononi mwake. Walimu wengi waliingia katika uongozi wa jumuiya kwa njia hiyo.

Ili kumfahamu Shamte ni lazima kuifahamu Pemba. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na Sultani alibaki kitini. Uchumi wake ulikuwa karafuu, na karafuu nyingi zilitoka Pemba. Unguja mashamba makubwa ya mikarafuu yalikuwa zaidi mikononi mwa Waarabu, na watu wengi wenye asili ya bara walikaa humo kama wakulima wasio na ardhi yao. Pemba hali ilikuwa tofauti kidogo. Wenyeji wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, na Waarabu na Washirazi walikuwa wameoana na kuchanganyika kwa muda mrefu. Kwa hiyo lile lililoonekana dhuluma ya wazi na mtu wa mashamba ya Unguja, Mpemba hakuliona kwa jicho lile lile. Hofu ya Mpemba ilikuwa nyingine, nayo ni kumezwa na watu wengi kutoka nje ya visiwa.

Jumuiya zilikuwepo kabla ya vyama. African Association ilianzishwa Zanzibar mwaka 1934, na Shirazi Association ikafuata kwenye mwaka 1940, ikiwa na mizizi yake Pemba. Mwishoni mwa mwaka 1955 kikazaliwa chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu, na Sheikh Ali Muhsin Barwani akawa msemaji wake mkubwa. Februari 5, 1957 jumuiya mbili zile, ya Waafrika na ya Washirazi, zikaungana na kuzaa Afro-Shirazi, chini ya Sheikh Abeid Amani Karume. Viongozi wa Washirazi wa Pemba waliingia katika muungano huo kwa tahadhari, na Shamte alikuwa mmoja wao.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957 kwa viti sita tu. Karume alimshinda Ali Muhsin katika jimbo la Ng'ambo, na Hizbu haikupata kiti hata kimoja. Pemba walishinda wawili waliosimama kwa nguvu ya Washirazi, Muhammad Shamte na Ali Sharif Musa. Baada ya ushindi wakakaa upande wa Afro-Shirazi. Hivyo ndivyo mwalimu wetu alivyoingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Zama za siasa

Miaka iliyofuata Wazanzibari wenyewe waliiita zama za siasa, na wazee wakilitaja jina hilo hulitaja kwa kuhuzunika. Wenye mashamba wakawafukuza wakulima walioonekana kuwa wa chama kingine. Wakulima nao wakasusia maduka ya wasiokuwa wenzao. Ugomvi ukaingia katika harusi na katika mazishi. Watu waliosoma juzuu kwa mwalimu mmoja wakaacha kuzikana. Visiwa ambavyo karibu watu wake wote ni Waislamu vikagawanyika, na bendera ya chama ikawa na uzito kuliko safu ya swala.

Mwaka 1958 viongozi wa vyama vya Afrika Mashariki na Kati walikutana Mwanza na kuunda umoja wao wa PAFMECA, na umoja huo ukajaribu kuwapatanisha Hizbu na Afro-Shirazi. Ikaundwa kamati ya pamoja ya kudai uhuru. Kwa muda mfupi joto lilipungua, kisha kamati ikavunjika. Chuki ilikuwa imeshafika chini kwa wanachama, na viongozi waliokaa meza moja walionekana wasaliti na watu wao.

Ndani ya Afro-Shirazi nako kulikuwa na ufa. Baadhi ya viongozi wa Kishirazi waliona kwamba chama kimekuwa cha watu wenye asili ya bara, na kwamba wao ni jina tu mwishoni mwa neno. Mwishoni mwa mwaka 1959 Shamte, Ali Sharif na Sheikh Ameri Tajo wakatoka na kuanzisha Zanzibar and Pemba People's Party, yaani ZPPP. Si Washirazi wote waliowafuata. Sheikh Thabit Kombo, ambaye naye alitoka katika jumuiya ya Washirazi, alibaki na Karume mpaka mwisho. Tuliweke akilini jambo hili, kwa sababu linatuonesha kwamba kabila halimpangii mtu chama. Shamte na Thabit Kombo wote walikuwa Washirazi, wote Waislamu, na kila mmoja alichagua njia yake.

Viti vitatu

Januari 1961 ukafanyika uchaguzi wa viti 22. Afro-Shirazi ikapata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Hakuna chama kilichopata nusu. Ghafla mwalimu Shamte na wenzake wawili wakawa ndio watu wanaotafutwa kuliko wote Zanzibar. Upande wowote watakaokwenda, huko ndiko serikali itakakokuwa.

Wakagawanyika. Ali Sharif akarudi Afro-Shirazi, Shamte na mwenzake mmoja wakaenda na Hizbu. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa, ukaachwa utawala wa muda, na ikaamuliwa kwamba uchaguzi urudiwe mwezi Juni na kiti kimoja kiongezwe ili pasitokee tena sare.

Uchaguzi wa Juni 1961 ulianza kwa damu. Tarehe 1 Juni mapigano yalizuka mjini Unguja na kuenea mashambani. Watu 68 waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu. Matokeo ya kura yalipotoka, Afro-Shirazi ilikuwa na viti 10 na karibu nusu ya kura zote. Hizbu viti 10. ZPPP viti 3, kwa kura zipatazo asilimia 14. Safari hii Hizbu na ZPPP walikuwa wameshaafikiana kabla, kwa hiyo viti 13 kati ya 23 vikawa vyao. Na aliyekuwa Waziri Kiongozi hakutoka katika chama chenye viti 10. Alitoka katika chama chenye viti 3. Alikuwa Muhammad Shamte.

Kwa nini Hizbu walimpa yeye? Mimi naona ziko sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu, kwani bila yeye hawakuwa na serikali. Ya pili ni sura. Maadui wa Hizbu walikuwa wakisema kwamba ni chama cha Waarabu. Serikali inayoongozwa na Mshirazi wa Pemba, mtoto wa visiwa, ingewajibu. Kwa Shamte nako kulikuwa na hoja yenye nguvu. Alitaka Pemba isiwe mkia wa Unguja, na Washirazi wasiwe mkia wa mtu yeyote. Mtu anayetaka hayo akapewa uongozi wa nchi nzima, ni wachache wangekataa.

Tusimhukumu kwa wepesi. Alichokifanya kilikuwa halali kwa sheria ya wakati ule, na ndicho kinachofanywa na vyama vidogo duniani kote mpaka leo. Ila cheo kile kilikuja na amana ambayo haikuandikwa popote. Mtu mwenye viti vitatu anayeamua nani atawale ana wajibu mkubwa kwa wale aliowaacha nje, kwa sababu yeye ndiye aliyewaacha. Karibu nusu ya wapiga kura walilala usiku ule wakijua kwamba waliyemwona juzi ni mwenzao, leo ndiye aliyewafungia mlango.

Kura nyingi, viti vichache

Kati ya mwaka 1961 na 1963 zilikuwepo nafasi za kurekebisha. Machi 1962 ulifanyika mkutano wa katiba jijini London. Serikali ilitaka tarehe ya uhuru, Afro-Shirazi wakataka uchaguzi mpya kwanza. Fikra ya kuunda serikali ya pamoja ya vyama vyote haikuzaa matunda. Kila upande ulihesabu wizara, na kila upande ulimwogopa mwenziwe zaidi ya ulivyomwogopa Mwingereza. Hapa lawama si ya Shamte peke yake. Afro-Shirazi nao walikuwa na wagumu wao, na Waingereza walikuwa na haraka ya kuondoka.

Juni 24, 1963 Zanzibar ikapata mamlaka ya ndani na Shamte akawa Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata ukafanyika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, safari hii kwa viti 31. Naomba msomaji azisome namba hizi polepole. Afro-Shirazi ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, na viti 13. Hizbu na ZPPP kwa pamoja walipata takriban asilimia 46, na viti 18, yaani Hizbu 12 na ZPPP 6.

Inawezekanaje? Ndivyo unavyofanya kazi uchaguzi wa majimbo. Mgombea akishinda kwa kura moja, kiti ni kimoja. Akishinda kwa kura elfu tano, kiti ni hicho hicho kimoja. Afro-Shirazi ilikuwa na wingi mkubwa mno katika majimbo yake ya Unguja, na kura zile za ziada hazikuzaa kiti. Wenzao walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo, hasa Pemba. Hapakuhitajika wizi wa kura ili matokeo yawe hivyo. Sheria iliyowekwa ilitosha.

Kwa hiyo serikali ya mseto ilikuwa na haki ya kisheria ya kutawala, na wakati huo huo zaidi ya nusu ya waliopiga kura hawakuitaka. Kiongozi mwenye hekima akiziona namba hizo hatakiwi kulala usingizi. Atajua kwamba ameshinda barazani na ameshindwa mtaani. Hapo ndipo mseto wa kweli ulipohitajika, mseto wa kumwita yule aliyeshindwa kwa viti akashinda kwa kura, akae ndani ya serikali kabla bendera ya uhuru haijapanda. Jambo hilo halikufanyika. Serikali ikaingia katika uhuru kama ilivyokuwa.

Mwaka huo huo Hizbu yenyewe ikapasuka. Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu mkuu wake na mpangaji wake hodari, alitoka na kuanzisha Umma Party. Mseto ukawa umempoteza mtu aliyeijua mitaa.

Siku thelathini na tatu

Desemba 10, 1963 Zanzibar ikawa huru. Sultani Jamshid bin Abdullah alikuwa mkuu wa nchi na Muhammad Shamte Waziri Mkuu. Siku chache baadaye, Desemba 16, Zanzibar ikapokelewa Umoja wa Mataifa. Mwalimu wa Pemba alikuwa amefika mahali ambapo hakuna Mpemba aliyewahi kufika.

Serikali yake haikuwa na jeshi lake. Ilikuwa na polisi tu, na wengi wa askari wale walikuwa wenye asili ya bara. Baadhi wakaondolewa kazini, wakabaki mjini bila kazi wakiwa na ujuzi wa bunduki na kinyongo. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 vikosi vya watu, na John Okello kutoka Uganda akiwa miongoni mwa viongozi wao, vilivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni na kuchukua silaha. Ilipofika mchana serikali haikuwepo tena. Sultani aliondoka kwa meli. Karume akawa Rais. Watu wengi waliuawa katika siku zile, na asilimia kubwa ya waliokufa na waliowaua ilikuwa ya watu wanaotamka shahada moja. Uhuru ule ulikuwa umedumu siku 33.

Shamte na mawaziri wake walikamatwa na kupelekwa katika magereza ya bara bila kufikishwa mahakamani. Hakuongoza tena chama wala serikali. Ali Muhsin, aliyekuwa waziri wake wa Mambo ya Nje, alikaa kizuizini kiasi cha miaka kumi, kisha akaishi uhamishoni mpaka alipofariki mwaka 2006. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa tarjama yake ya Qur'ani kwa Kiswahili. Karume naye aliuawa kwa risasi Aprili 7, 1972. Katika viongozi wakubwa wa zama za siasa, ni wachache waliomaliza umri wao kwa salama nyumbani kwao.

Yameandikwa mengi juu ya mkono wa nje katika mambo yale ya Januari, na wasomaji wa gazeti hili wanaujua mjadala huo. Siukatai. Ila mkono wa nje hupita penye ufa, na ufa ulikuwepo. Wahenga walishasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunajifunza nini

La kwanza ni kwamba viti na ridhaa ni vitu viwili. Sheria inaweza kukupa viti, haiwezi kukupa ridhaa ya watu. Ridhaa hutafutwa kwa mkono wako mwenyewe. Uislamu ulishatufundisha jambo hili. Allah (S.W.) katika Suratush-Shura amewasifu waumini kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana, na sifa hiyo imewekwa pamoja na swala na utoaji. Shura haiishii kwa kushauriana na waliokuchagua tu. Sayyidna Hasan bin Ali (R.A.) alikuwa na bai'a ya watu na jeshi nyuma yake, lakini mwaka 41 Hijria alimwachia Muawiya uongozi ili damu ya Waislamu isimwagike, na mwaka ule ukaitwa mwaka wa umoja. Hakuna aliyesema kwamba Hasan hakuwa na haki. Alikuwa nayo, akaitazama na damu pia.

La pili ni juu ya vyama vidogo. Chama chenye viti vichache kinachoshika ufunguo wa serikali kisijivunie bei yake. Kijiulize baada ya kuufungua mlango kitamwacha nani nje. Uganda nayo ilipata uhuru wake mwaka 1962 chini ya mseto wa UPC ya Milton Obote na Kabaka Yekka ya watu wa Buganda. Ulikuwa mseto wa hesabu tu, kila mmoja akimtumia mwenziwe. Mwaka 1964 ukavunjika, na mwaka 1966 jeshi la Obote likaivamia ikulu ya Kabaka kule Mengo.

La tatu ni kwamba mseto ukija kwa kuchelewa hulipiwa kwa damu kwanza. Kenya walisaini makubaliano yao Februari 28, 2008 baada ya watu zaidi ya 1,100 kufa. Zanzibar ilipita katika uchaguzi wa 1995 uliotofautiana kwa chembe ya asilimia, na katika mauaji ya Januari 2001 ambapo Wapemba zaidi ya 2,000 walikimbilia Kenya. Ndipo yakaja Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ambayo asilimia 66 walikubali. Katiba ikabadilishwa ili chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na wizara zigawanywe kwa kadiri ya viti vya kila chama. Huo ndio mseto ambao mwaka 1963 haukupatikana. Rais aliyetia mkono wake ni mtoto wa Karume yule yule, na mwenziwe ni Mpemba, naye pia aliwahi kuwa mwalimu wa shule. Ilichukua miaka 47 kufika hapo.

Hata huo haukujilinda wenyewe. Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na mseto ukavunjika. Ukarudi Desemba 2020 baada ya uchaguzi mwingine wenye machozi, Maalim Seif akiwa ACT-Wazalendo, naye akafariki Februari 2021. Katiba inaweza kuamuru watu wakae meza moja. Haiwezi kuwaamuru waaminiane.

La nne linatuhusu sisi Waislamu zaidi, nalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Tukiisoma historia ya Shamte tunakuta serikali Waislamu, upinzani Waislamu, walioua Waislamu na waliouawa Waislamu. Misikiti ilikuwepo, madrasa zilikuwepo, na maulamaa wakubwa walikuwepo. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye sote tunaitegemea tarjama yake ya Qur'ani, alikuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar katika miaka hiyo hiyo. Elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni waumini kukataa bendera ya chama isiingie mazishini. Siku mtu alipoacha kumzika jirani yake kwa sababu ya jogoo wa Hizbu au kisima cha Afro-Shirazi, siku hiyo Januari 12 ilikuwa imeshaanza.

Huku bonde la Kilombero tumechanganyika Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Tunagombana juu ya mashamba na malisho, na wakati wa uchaguzi vyama huja vikiokota ugomvi huo na kuupaka rangi. Nanyi mlioko Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa mna ya kwenu. Kamati ya msikiti ikigawanyika kwa vyama, tusione kwamba ni jambo dogo la kuchekesha. Imamu aulizwe, wazee wakae, na wanaogombana wapatanishwe kabla ya kampeni, kwani baada ya matokeo hakuna anayesikia.

Muhammad Shamte hakuwa mtu muovu, na sijaona sababu ya vijana wetu kufundishwa kumtukana au kumsahau. Alikuwa mwalimu aliyetaka heshima kwa watu wake, akapewa nchi kwa viti vitatu, na akadhani viti vinatosha. Yuko mbele ya Mola wake kwa miaka mingi sasa, pamoja na wale aliowashinda na wale waliompindua. Allah (S.W.) awarehemu wote waliotangulia na shahada, awasamehe waliyokosea, na atupe sisi tuliobaki akili ya kumwita aliyeshindwa akae nasi kabla hajalazimika kuja mwenyewe na panga.

Wabillahi tawfiq.